Baridi Kali: Usiache Kipakatalishi Kilale Ndani ya Gari

Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti huwa mkali zaidi katika nyanda za juu kama vile Kinangop, ambako asubuhi nyingine nyasi huamka zimefunikwa na jalidi. Wakulima wanaijua vyema hasara yake kwa viazi na mboga. Wasichojua wengi ni kwamba vipakatalishi na vishikwambi vinavyoachwa garini usiku pia huumia.

Huduma nyingi za umma sasa hutegemea vifaa hivi. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kutumia vishikwambi badala ya karatasi. Uchaguzi mkuu nao hufanyika Agosti, vifaa vya kutambua wapigakura vikisafirishwa kwa magari hadi vituoni. Kifaa kikizima nyanjani, mkulima hasajiliwi na mgonjwa hurudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Kinachotokea usiku

Gari lililoegeshwa nje usiku usio na mawingu hupoteza joto kupitia paa na vioo. Kufikia alfajiri, ndani huwa na baridi karibu sawa na nje. Apple, kwa mfano, hushauri kwamba vipakatalishi vyake vitumiwe kwenye joto la nyuzi 10 hadi 35 za Selsiasi.

Betri ndiyo huathirika kwanza. Baridi hupunguza nguvu inayoweza kutoa, hivyo kifaa kinaweza kuzima ghafla hata kikionyesha kwamba bado kina chaji. Kuchaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0 ni hatari zaidi: madini ya lithiamu hujikusanya ndani yake na kuiharibu kabisa.

Adui wa pili ni unyevu. Kifaa baridi kikiingizwa kwenye ofisi yenye joto, matone ya maji hujitokeza juu yake na hata ndani yake, jinsi chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyolowa. Kikiwashwa wakati huo, saketi zinaweza kuungua.

Jinsi ya kuvilinda

• Ingiza vifaa ndani ya nyumba au ofisi kila jioni. Hatua hii pia huvikinga dhidi ya wezi.

• Ikibidi vibaki garini kwa muda mfupi, vizime na uvifunge kwa blanketi ndani ya mkoba. Kumbuka kwamba blanketi haizalishi joto. Huchelewesha tu kupoa.

• Kifaa kilichopoa kiache ndani ya mkoba uliofungwa kwa saa moja au mbili kabla ya kukiwasha au kukichaji.

• Washa injini kwanza, kisha ndipo uchomeke chaja. Umeme wa gari huyumba injini inapowaka.

• Anayesafiri kwa pikipiki abebe kishikwambi ndani ya koti, karibu na mwili.

• Hifadhi nakala ya data kabla ya kufunga kazi.

Usijaribu kupasha kifaa joto kwa maji moto, juu ya boneti, au kwenye dashibodi juani. Na kwa hali yoyote ile, usiweke jiko la makaa ndani ya gari. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na huua. Kipakatalishi kinaweza kununuliwa tena. Uhai hauna duka.