Ng'ombe wa Boran: Faida Yake na Hasara Yake

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa shauri kwamba sehemu ya fedha za mfuko wa chama, ambazo kila mmoja wetu alikatwa katika karafuu zake, zinunuliwe madume sita ya ng'ombe wa Boran kutoka bara, ili ng'ombe wetu wadogo wapate damu mpya na nyama iongezeke. Waliounga mkono walikuwa wengi, na waliopinga walikuwa na sauti kubwa. Mwenyekiti akaniagiza niende nikatazame na kuuliza, kisha niandike humu kabla ya kura kupigwa. Nimefanya hivyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anafanya biashara Mpanda, mkoa wa Katavi, na tena anafuga. Nilipomweleza jambo letu alinijibu, "Njoo uone kwa macho yako, shemeji, maana hao Boran wamenisomesha kwa fedha yangu mwenyewe." Nikafunga safari.

Mpanda ndiko inakoishia reli itokayo Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi na kufika huko mwaka 1950. Mkoa wa Katavi wenyewe ni mpya, umekatwa katika mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Nchi ile ni ya misitu ya miombo. Mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu, mpaka viboko wa mto Katuma, katika Hifadhi ya Katavi, hubanana katika vidimbwi vya matope. Wafugaji wengi wa huko ni Wasukuma waliohamia na mifugo yao.

BORAN NI NG'OMBE GANI

Asili yake ni kwa Waborana, watu wa kusini ya Ethiopia na kaskazini ya Kenya. Ni ng'ombe mwenye nundu kama wetu, ila ni mkubwa, mrefu wa mgongo, mara nyingi mweupe au wa kijivu, na wengine wekundu. Walowezi wa Kenya walimchagua na kumtengeneza kwa ajili ya nyama, na mwaka 1951 wakaunda chama cha wafugaji wake. Hapa Tanzania hufugwa katika ranchi za taifa, kama Kongwa, mahali palipokuwa na mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita vya pili.

FAIDA YAKE

Kwanza ni uzito. Dume la Boran lililokomaa huwa na kilo 500 hadi 850, na jike kilo 380 hadi 450. Ng'ombe wetu wa asili aliyekomaa huwa baina ya kilo 200 na 350. Ukichinja maksai wa Boran wa kilo 500, nyama na mifupa hupata kilo 260 hivi. Wa kwetu wa kilo 280 hutoa kilo 135 hivi. Mtu mwenye harusi au Idi ya kuchinja ataona tofauti yake papo hapo.

Pili, hukua upesi akilishwa. Ng'ombe wa asili aghalabu hungojwa miaka minne au mitano kabla hajafaa kuuzwa, na Boran huweza kufaa kwa miaka mitatu.

Tatu, huvumilia jua na safari ya kwenda majini. Tena ni mpole, hupenda kukaa pamoja na wenzake, na jike lake hulea ndama vizuri. Ndama wake huzaliwa mdogo kwa kadiri ya mwili wa mama yake, kwa hiyo uzazi wake si wa taabu.

HASARA YAKE

Kwanza, hula sana. Ng'ombe huhitaji kila siku chakula kikavu kadiri ya sehemu mbili na nusu katika mia ya uzito wake. Dume la kilo 600 lahitaji kilo 15 za chakula kikavu, na kwa kuwa majani mabichi robo tatu yake ni maji, hizo ni kilo 60 za majani kila siku ya Mungu. Ng'ombe wa asili wa kilo 240 hutosheka na kilo 24 za majani. Na Boran asiposhiba huwa mifupa mikubwa tu, na mimba hakamati.

Pili, maziwa yake ni ya kumtosha ndama wake. Asitegemee mtu kuuza maziwa kwa Boran.

Tatu, na hili ndilo zito, hana kinga ya maradhi asiyokulia nayo. Ndigana kali inayoletwa na kupe humwua upesi ikiwa ametoka mahali pasipo na kupe hao. Na nagana, inayoletwa na mbung'o, haimwonei huruma. Wako Boran wa Waorma, karibu na mto Tana huko Kenya, walioonekana kuistahimili nagana kuliko wenzao, lakini hao sio wanaouzwa kwa kawaida.

YALIYOMFIKA SHEMEJI

Shemeji alinunua Boran watano, dume moja na mitamba minne, kutoka nchi kavu isiyo na mbung'o. Aliwaweka nje ya mji, ukingoni mwa msitu, kwa sababu majani yalikuwa mengi. Hakuuliza kwa nini majani yale hayaliwi na mtu.

Jirani yake ni mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi. Mzee akaja kuwatazama, akamwambia, "Mwanangu, ng'ombe wako ni wazuri mno. Mimi huku sipitishi wangu, labda wakati wa baridi, tena asubuhi tu." Shemeji akadhani ni wivu wa mfugaji. Baada ya miezi miwili mitamba ilianza kukonda huku inakula, macho yakatoa machozi, manyoya yakasimama. Alipomwita daktari wa mifugo, miwili ilikuwa imekwisha kufa, na wa tatu alikufa wakati anatibiwa.

Si ajabu. Nchi za magharibi ya Tanganyika zilipata mashaka ya mbung'o tangu zamani, hata katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha watu na kuwakusanya katika vijiji kwa ajili ya malale. Mdudu yule bado yumo katika miombo.

Nilimwuliza mzee, "Mzee wangu, basi Boran hafai?" Akacheka, akanionyesha ndama wanane zizini kwake. Lile dume lililosalia, shemeji alilipeleka kwa mzee, mbali na msitu. Huko lilipewa dawa ya kinga ya nagana na kunyunyiziwa dawa ya wadudu kila zamu, likapanda majike ya mzee. Ndama wale walikuwa wakubwa kuliko wenzao wa umri mmoja, na wote wazima. "Dume anafaa," akasema mzee. "Lililokosa kufaa ni kumleta mahali pasipomfaa. Mama zao ni wa hapa, wanajua maradhi ya hapa." Kisha akaongeza kuwa maksai wa jembe bado huwachagua katika ng'ombe wake wa asili, kwa kuwa hawasumbui kulisha wakati wa kiangazi.

JE, KWETU KISIWANI?

Jambo la mbung'o kwetu ni jepesi. Pemba hatunao. Ndugu zetu wa Unguja walikuwa nao, wakaondolewa kwa kuachiwa kutoka ndegeni madume ya mbung'o yaliyotiwa utasa, na mbung'o wa mwisho alikamatwa mwaka 1996. Kwa hiyo maradhi yaliyomtia shemeji hasara hayatungoji hapa. Lakini kupe tunao, na ndigana kali tunayo. Dume atakayekuja lazima awe amechanjwa. Iko chanjo ya ndigana, ambayo mnyama hupigwa sindano ya vimelea hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, na wafugaji wengi wa kaskazini ya Tanzania huitumia.

Jambo la chakula kwetu ni zito. Madume sita yatataka kilo 360 za majani kila siku, mvua na jua. Nani atayakata? Kwetu hakuna mbuga, iko mikarafuu. Ng'ombe mzito akifungwa kamba karibu na miche huivunja na kuila, na akikanyaga pale pale kila siku ardhi hushikamana juu ya mizizi, ambayo kwa mkarafuu haiendi mbali chini. Boran kwetu ni ng'ombe wa bandani. Faida ya banda ni samadi, nayo ikioza vizuri hufaa miche kuliko maneno mengi ya mkutanoni.

SHAURI LANGU

Nimehesabu katika daftari la chama. Majike ya wanachama yaliyofikia kuzaa ni 58. Dume moja mzima hutosha majike 25 hadi 30. Basi tunahitaji madume mawili, wala si sita. Fedha za yale manne zijenge mabanda mawili, zipande mabingobingo, na zilipie chanjo na dawa ya kupe.

Tena naomba tushike haya. Tununue madume tu, mitamba tuiache, ili mama za ndama wawe hawa wetu waliozoea nchi. Madume yapimwe ugonjwa wa kutupa mimba kabla ya kulipwa hata shilingi moja, yawe na kibali cha kusafirishwa, na yakae karantini kama Idara ya Mifugo itakavyoamuru. Wapandishwe ng'ombe waliokwisha kuzaa, mitamba midogo isubiri. Na baada ya miaka mitatu madume yabadilishane mabanda, ili dume asipande binti zake.

Najua wako watakaosema Katibu amelipunguza jambo likawa dogo. Nami nasema, fedha hizi ni jasho la mtu aliyepanda juu ya mkarafuu, na wengine wetu tumewazika walioanguka humo. Mali bila daftari huisha bila habari. Tukianza na mawili tukafaulu, ya tatu na ya nne yatanunuliwa na ndama wa hayo ya kwanza.

Kura itapigwa katika mkutano ujao. Mwenye maoni tofauti aje nayo, na aje na hesabu yake. Inshallah tutaonana.

Katibu wa Chama