Marubani wa Ndege za Roketi na Elimu ya Hewa Nyembamba

Kilele cha Mlima Hanang kiko takriban mita 3,420 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo kwayo hewa hulikandamiza kila eneo, hubaki kama theluthi mbili tu ya ile iliyopo pwani. Upungufu huo unaomfanya mpandaji aheme ndio pia unaoipunguzia ndege uwezo, kwa sababu mbawa huinuliwa na hewa inayozipita, na injini ya kawaida huhitaji oksijeni ya hewani ili kuunguza mafuta. Ndiyo maana ndege ndogo inayoruka kutoka Haydom, katika nyanda za juu za Mbulu, hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa kuliko ingekuwa Tanga, hasa mchana wa jua kali, kwani joto nalo huitanua hewa na kuizidishia wepesi. Rubani huukadiria umbali huo mapema kwa kusoma majedwali ya kitabu cha ndege yake, na msingi wa majedwali hayo ni kazi ya marubani wa majaribio, ambao huirusha ndege mpya ili kuupima uwezo wake kabla haijakabidhiwa kwa wengine.

Miongoni mwa marubani hao, waliorusha ndege za kwanza za roketi nchini Marekani wanastahili heshima ya pekee. Injini ya roketi hubeba mafuta pamoja na oksijeni yake, hivyo huweza kuwaka hata pasipo na hewa, lakini mbawa na mkia haviwezi kufanya kazi bila hewa hiyo. Tarehe 14 Oktoba 1947, Chuck Yeager akiwa katika ndege ya X-1 alikuwa wa kwanza kuthibitishwa kuipita kasi ya sauti katika safari ya usawa. Karibu na kasi hiyo hewa hujikusanya na kuwa mawimbi ya mshtuko, ambayo huvinyima nguvu vibao vya mkiani vinavyoinua na kushusha pua ya ndege. Tatizo hilo lilitatuliwa kwa kuuzungusha mkia mzima wa mlalo, na mbinu hiyo ikawa ya kawaida katika ndege za kivita zilizofuata. Miaka sita baadaye, tarehe 12 Desemba 1953, Yeager aliirusha X-1A hadi karibu mara 2.4 ya kasi ya sauti, ndege ikapinduka ovyo na kuanguka zaidi ya kilomita 15 kwa muda wa takriban dakika moja kabla hajaidhibiti na kutua salama.

Kazi hiyo ilifikia kilele chake katika X-15, ambayo marubani 12 waliirusha mara 199 kati ya 1959 na 1968. Ilibebwa chini ya bawa la ndege kubwa hadi kimo cha kilomita 13 na zaidi, ikaachiwa, kisha injini yake iliyotumia amonia na oksijeni ya kimiminika ikawaka kwa muda wa kama dakika moja na nusu tu. Mahali ambapo hewa haikutosha kuigeuza, rubani alitumia vitoa msukumo vidogo vya haidrojeni peroksaidi puani na mbawani. Tarehe 22 Agosti 1963, Joseph Walker alifika karibu kilomita 108, kimo kinachozidi mara 31 kile cha Hanang. Kurudi kulifanyika bila injini, na ndege ikatua kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, ikitumia magurudumu ya mbele na vyuma viwili vya kuteleza nyuma, juu ya sakafu ya ziwa lililokauka, tambarare kama ile ya Ziwa Balangida wakati wa kiangazi, ila yenye udongo mgumu zaidi.

Gharama ya majaribio hayo ya roketi ilikuwa nzito. Rubani Mel Apt alifariki tarehe 27 Septemba 1956, katika safari ileile iliyomfanya kuwa binadamu wa kwanza kuvuka mara tatu ya kasi ya sauti. Michael Adams alifariki tarehe 15 Novemba 1967, baada ya X-15 yake kupita kilomita 80, kupotoka mwelekeo, kuzunguka hovyo na kuvunjika ikirejea katika hewa nzito. Wachunguzi walipendekeza wasimamizi walio ardhini nao wawe na kifaa cha kuwaonyesha mwelekeo wa ndege, ili rubani asibaki peke yake katika kuutambua upotofu.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kuwastahi. Ujasiri wao haukuwa wa kutojali kifo, bali wa kufuata ratiba ya vipimo kwa utulivu, kila safari ikisogea mbele kidogo kuliko iliyotangulia, na kuiacha hatari ikiwa imegeuzwa kuwa takwimu ambazo mwingine angeweza kuzitegemea. Mwanafunzi wa Katesh au Dongobesh anayejifunza kanieneo darasani anapaswa kufundishwa pia majina ya watu hawa, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu ya anga ilipatikana kwa watu waliokubali kuipima kwa maisha yao.