Yai Mkononi mwa Mfalme

Katika nchi ya Waashanti, ambayo leo ni sehemu ya Ghana, mfalme akiwa barazani hasemi na watu kwa kinywa chake mwenyewe. Yuko mtu aitwaye okyeame, yaani msemaji, apokeaye maneno ya mfalme na kuyafikisha kwa watu kwa ufasaha. Na maneno ya watu vile vile huyafikisha kwa mfalme. Alama ya kazi yake ni fimbo ndefu ya mti, na juu yake pana sanamu iliyochongwa na kufunikwa kwa bamba jembamba la dhahabu. Sanamu hiyo si pambo tu, bali ni mithali. Mtu asiyejua hata herufi moja huitazama na kuisoma.

Fimbo moja yaonyesha mkono ulioshika yai. Maana yake, utawala ni kama yai: ukilibana mno litapasuka, ukililegeza litaanguka. Mithali hii haimwambii mfalme alishike kwa nguvu kiasi gani. Hilo hana budi kulipima mwenyewe katika kila shauri, na ndiyo sababu ni mithali njema. Fimbo nyingine ina vichwa kadhaa pamoja, kwa kuwa Waashanti husema kichwa kimoja hakifanyi baraza.

Watoto hufundishwa jambo lilo hilo kwa kuchekeshwa, katika hadithi za Anansi, buibui mwerevu. Anansi alikusanya akili zote za dunia akazitia chunguni, akataka kuzificha juu ya mti mrefu ziwe zake peke yake. Akakifunga chungu tumboni, akajaribu kupanda, asiweze, maana chungu kilimzuia kuukumbatia mti. Mwanawe aliyekuwa chini akamwuliza, “Baba, mbona hukifungi mgongoni?” Anansi alipoona ya kuwa mtoto ana akili isiyomo chunguni, alighadhibika; chungu kikaanguka, kikavunjika, na kila mtu akaokota kidogo.

Mtawala mpya atawazwapo, wazee humwambia mbele ya watu wote kwamba hawamtaki mwenye matusi, wala mlafi, wala mwenye masikio mazito, wala afanyaye mambo kwa shauri lake peke yake. Akiyavunja hayo, wanayo haki ya kumwondoa kigodani; na wengi wameondolewa.

Lakini kiko kigoda kimoja kipitacho vyote. Mapokeo yasema kwamba zamani za mfalme Osei Tutu, kuhani Okomfo Anokye alikiteremsha kigoda cha dhahabu kutoka mbinguni, na ya kuwa roho ya taifa zima imo ndani yake. Hakuna akikaliaye, hata mfalme mwenyewe. Kigoda kina kiti chake. Hivyo kila Mwashanti ajua kwamba ufalme ni mkubwa kuliko mfalme.

Mwaka 1896 Waingereza walimkamata mfalme Prempeh wa Kwanza, wakampeleka uhamishoni, na Waashanti hawakupigana. Kisha tarehe 28 Machi 1900 gavana Frederick Hodgson aliwakusanya wakuu mjini Kumasi, akawauliza kwa nini yeye hakuletewa kigoda cha dhahabu akikalie. Alidhani ni kiti cha mtawala kama viti vingine. Wakuu wakamsikiliza kimya, wakaenda zao. Haukupita muda mrefu vita vikaanza, navyo viliongozwa na mwanamke, Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu. Watu waliovumilia kuchukuliwa mfalme wao hawakuvumilia neno lile moja.

Waashanti walishindwa. Yaa Asantewaa alihamishiwa visiwa vya Shelisheli, akafa huko mwaka 1921. Prempeh alirudi Kumasi mwaka 1924, baada ya miaka 28. Kigoda kilikuwa kimefichwa, wala Waingereza hawakukipata. Kipo hata leo, na hakuna aliyekikalia.