Ankara safi kwenye simu, pungufu kwenye karatasi

MFANYABIASHARA anaandaa ankara kwenye tovuti akiwa na simu yake mkononi. Kila kitu kinaonekana: aina ya bidhaa, idadi, bei na jumla. Akifika steshenari ya mpakani kuichapisha, safu ya bei imekatwa pembeni, menyu ya tovuti imejaza sehemu ya juu na jumla imehamia karatasi ya pili.

Hasara yake si wino tu. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo anaweza kutumia cheti cha uasili wa bidhaa kilichorahisishwa kwa mzigo usiozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, iwapo bidhaa zake zimo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ankara isiyoonyesha thamani inazua maswali forodhani, na nyanya hazisubiri majibu.

Wengi huilaumu printa. Mara nyingi kasoro iko kwenye ukurasa wenyewe.

Sura ya ukurasa wa tovuti huongozwa na kanuni za CSS, lugha iliyopendekezwa mwaka 1994 na Håkon Wium Lie, raia wa Norway. Toleo lake la pili, la Mei 1998, liliruhusu ukurasa mmoja kuwa na kanuni tofauti kwa kila chombo: kioo, karatasi, hata mashine za nukta nundu kwa wasioona.

Hivyo ankara haihitaji kuandikwa mara mbili. Chini ya amri ya @media print, fundi huagiza menyu na vitufe vifichwe na mstari wa jedwali usigawanywe kati ya kurasa mbili. Maandishi meupe hugeuzwa kuwa meusi, kwa sababu vivinjari kwa kawaida havichapishi rangi ya nyuma. Kinachoonekana kwenye simu hakiguswi.

Kwa mfanyabiashara, kinga ni rahisi. Kabla ya kumlipa fundi wa tovuti, mtake achapishe ankara ya bidhaa nyingi, si ya mfano yenye mistari mitatu. Kabla ya safari, tazama jinsi ukurasa utakavyotoka kwenye karatasi, kisha uhifadhi kwa PDF na upeleke hiyo steshenari, kwani mpangilio wake haubadiliki ovyo kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Kasoro ikigundulika Arusha, fundi hupigiwa simu akarekebisha. Ikigundulika Namanga, lori tayari liko kwenye foleni.