Tegu wa Nguruwe na Kifafa cha Ukubwani

Leo tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze juu ya nguruwe, tegu na kifafa. Katika ziara za vijijini huwa naulizwa swali hili: "Bwana shamba, huyu jirani yetu hajaonja nguruwe tangu azaliwe. Tegu wa nguruwe kamwingiaje kichwani?" Swali ni zuri, na jibu lake laweza kumwokoa mtu nyumbani kwako.

Tegu ana njia mbili. Ya kwanza, mtu anakula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu, nayo haikuiva sawasawa. Tumboni kifuko hugeuka tegu mrefu, na mayai yake hutoka pamoja na choo kikubwa. Njia ya pili, mayai hayo, ambayo huwezi kuyaona kwa macho, humezwa na mtu kwa mikono michafu, maji au mboga mbichi. Hapo si lazima uwe mla nguruwe. Yai huanguliwa, mdudu hutoboa utumbo, huingia katika damu na kusafiri mpaka kwenye misuli, macho, hata ubongo. Huko hujijengea kifuko cha maji, ukubwa wake kama punje ya mahindi hivi.

Sasa je, kinga ya mwili iko wapi? Ipo. Damu yetu ina chembe nyeupe, ambazo ni kama sungusungu wa kijiji: mgeni mbaya akiingia, wanamkamata. Lakini mdudu aliyekwisha jenga kifuko ni mjanja. Hutoa vitu vya kuwapumbaza walinzi hao, wakapita karibu naye bila kumgusa. Anaweza kukaa ubongoni miaka mingi na mwenyewe asijue.

Balaa huja mdudu anapozeeka na kufa. Ujanja umekwisha, kifuko kinavuja, sungusungu wanashtuka na kumiminika pale. Pahali hapo panavimba. Mguu ukivimba una nafasi. Ubongo umefungwa ndani ya fupa la kichwa, hauna pa kupanukia. Ndipo kichwa huuma sana, mtu akaanguka kifafa. Kumbe mara nyingi kinachomwangusha ni vita vya mwili wake mwenyewe na mdudu anayekufa! Baadaye kifuko hunywea kikawa kama kijiwe cha chokaa. Wengine hupata nafuu, wengine kovu huendelea kuwasumbua.

Ndiyo maana ugonjwa huchelewa. Madaktari wa Uingereza waliandika mwaka 1961 habari za askari wao waliowahi kutumikia India: wengi walianza kuugua miaka kadhaa baada ya kuambukizwa. Basi mtu mzima akianguka leo, usitafute mchawi wa jana.

Ufanye nini? Kwanza, usimkimbie. Povu la mwenye kifafa haliambukizi. Mwondoe karibu na moto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kisha mpeleke hospitali.

Pili, mtu aliyekwisha anza kuanguka usimnunulie dawa ya minyoo dukani kwa kubahatisha. Dawa ikiua vifuko kwa mpigo, sungusungu wataamka wote pamoja, na uvimbe utazidi. Daktari hutaka kwanza kuona picha ya kichwa, na akiamua kuwaua wadudu hutoa pia dawa ya kutuliza uvimbe. Dawa za kifafa zinywewe kila siku kama alivyoagiza. Zisikatishwe kwa sababu mgonjwa amepata nafuu.

Tatu, tegu tumzuie shambani kwetu. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha watu, naye hupata vifuko. Mjengee banda, mlishe humo humo. Kila kaya iwe na choo na ikitumie, watoto pia. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula. Nyama ikaguliwe na bwana mifugo, nayo ichemke mpaka wekundu uishe ndani. Ukiona vipande vyeupe bapa katika choo chako, nenda ukatibiwe, maana mayai yako yaweza kuishia kichwani mwa mwanao.

Ndugu mkulima, kinga ya mwili hupigana vita vyake huku ikituumiza. Kinga iliyo bora ni choo, banda na sabuni. Kazi njema.