Maji Tumboni kwa Kuku wa Nyama: Shida Inaanzia Kwenye Mapafu



Leo tunaongelea yule kuku wa nyama anayevimba tumbo na kufa akiwa na wiki nne au tano. Ameshakula karibu chakula chote, mteja ameshaanza kupiga simu, halafu asubuhi unamkuta chali. Kifo hiki kinauma kuliko cha kifaranga wa siku tatu, maana hela yako yote imeshaingia ndani ya huyo kuku.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwezi wa saba mmoja, kijana wa hapa Busisi alinipigia simu: "Shikamoo bwana mifugo. Kuku wangu wanavimba matumbo, jana wamekufa saba." Alikuwa na kuku 300, na mtaji wenyewe ni mkopo. Nilikuwa mbali. Nikamsikiliza kwenye simu tu, nikamwambia anunue antibayotiki awape kwenye maji siku tano. Akanunua. Kuku wakaendelea kufa. Na kwa kuwa dawa ile ina siku zake za kusubiri kabla nyama haijaliwa, akalazimika kuahirisha kuuza huku kuku wanaendelea kula.

Nilipofika bandani na kumpasua mmoja, niliona aibu. Tumboni kulijaa maji ya rangi ya njano, mengine yameganda kama uji wa mlenda. Ini limevimba kingo. Moyo umekuwa mkubwa na umelegea upande wa kulia. Nikapasua wa pili, yale yale. Hakuna bakteria niliyekuwa napigana naye. Wale kuku walikuwa na shinikizo kubwa la damu kwenye mapafu, na chanzo chake kilikuwa kwenye banda.

Foleni ya Kigongo

Wale mliokuwa mnavuka kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025 mnakumbuka foleni. Kivuko kina nafasi yake. Magari yakizidi, yanasimama nyuma, na foleni inarudi barabarani.

Kwa kuku ni hivyo hivyo. Upande wa kulia wa moyo unasukuma damu yote kwenda kwenye mapafu kuchukua oksijeni. Mapafu ya ndege hayatanuki kama yetu, yamebana kwenye mbavu, na mishipa yake midogo haipanuki sana hata damu ikiongezeka. Hicho ndicho kivuko. Kuku wa nyama wa kisasa anakua haraka mno, mwili unadai oksijeni nyingi, moyo unasukuma damu nyingi zaidi, lakini kivuko ni kile kile.

Shinikizo linapanda. Moyo wa kulia unanenepa misuli kwa kazi nzito, mwishowe unachoka. Vali yake, ambayo kwa ndege ni kipande cha misuli ya moyo huo huo, inashindwa kufunga vizuri. Damu inarudi nyuma hadi kwenye ini, na maji yanachuja kutoka kwenye ini kuingia tumboni. Kwa hiyo maji unayoyaona ni mwisho wa safari. Ukiyaona, shida ina wiki kadhaa tayari.

Seli zinaambiana nini?

Hapa ndipo pazuri, na ndipo utaelewa kwa nini ushauri wangu wa mwanzo ulikuwa wa kupoteza hela.

Ukuta wa mshipa wa damu una seli nyembamba kwa ndani, pale damu inapogusa. Nje yake kuna seli za misuli zilizouzunguka mshipa. Zile za ndani ndizo zinazohisi hali ya damu, na zinawapelekea wenzao wa nje ujumbe wa kikemikali. Kuna aina tatu za ujumbe.

*Ujumbe wa kwanza: legea.* Seli za ndani zinatengeneza hewa inayoitwa naitriki oksaidi. Inapenya hadi kwenye misuli, inaamsha kimeng'enya kinachotengeneza mjumbe wa ndani ya seli, kalsiamu inapungua, misuli inalegea, mshipa unapanuka. Ugunduzi huu uliwapatia Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Malighafi ya naitriki oksaidi ni ajinini, moja ya vijenzi vya protini. Mwili wa binadamu unaweza kujitengenezea ajinini. Wa kuku hauwezi. Lazima aipate kwenye chakula.

*Ujumbe wa pili: kaza.* Seli zile zile zinatoa pia endothelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1988. Hii inashika vipokezi juu ya seli za misuli, kalsiamu inapanda, mshipa unabana. Serotonini nayo inabana sana mishipa ya mapafu ya kuku. Na oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu inabana yenyewe. Hii ina maana yake: kama kona moja ya pafu haina hewa, mwili unapeleka damu kwenye kona yenye hewa. Lakini banda zima likikosa hewa, pafu zima linabana.

*Ujumbe wa tatu: ongezeka.* Mbano ukidumu, seli za misuli zinapokea amri ya kukua, na ukuta wa mshipa unanenepa kuelekea ndani. Kwa binadamu, mwaka 2000 iligundulika kwamba familia nyingi zenye ugonjwa huu wa kurithi zina hitilafu kwenye kipokezi kimoja, BMPR2, ambacho kazi yake ni kuzuia ukuaji huo usizidi. Kwa kuku wenye maji tumboni, kuta za mishipa ya mapafu nazo hukutwa zimenenepa.

Ona tofauti. Mbano unaweza kulegea kwa dakika ukirudisha hewa safi. Ukuta ulionenepa hauwezi kurudi ndani ya wiki mbili zilizobaki kabla ya kuuza. Ndiyo maana maji tumboni hayatibiwi wiki ya tano. Yanazuiwa kuanzia siku ya kwanza.

Banda la yule kijana

Usiku wa mwezi wa saba upepo wa ziwa ni baridi. Kijana alifunga banda pande zote kwa turubai, akaweka majiko mawili ya mkaa ndani. Alifanya kwa upendo. Lakini mkaa ulikula oksijeni na kutoa hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni, ambayo inashika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Randa zilikuwa zimelowa, amonia imejaa, na amonia inaharibu mapafu. Chakula kilikuwepo saa 24 na taa haizimwi. Kila kitu pale kilikuwa kinaziambia seli: kaza, kaza, ongezeka.

Ongeza na mwinuko wetu. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza kwenye milima mirefu kama ya Bolivia, ndipo ukashuka hadi tambarare kadiri kuku walivyozidi kukuzwa haraka. Sisi hatuko mlimani sana, lakini hatuna oksijeni ya kuchezea.

Ufanye nini

Kuku huwezi kumjengea daraja. Unaweza kufanya mambo mawili: kupunguza magari na kuacha njia wazi.

1. Hewa kwanza. Acha nafasi ya wazi juu ya ukuta hata usiku wa baridi. Zuia upepo usiwapige kuku moja kwa moja, lakini hewa ya juu itoke. Chuchumaa kwenye usawa wa kuku: macho yakikuwasha, wao wanaumia.
2. Joto bila moshi. Siku ya kwanza nyuzi 32 hadi 33, kisha shusha kama nyuzi 3 kila wiki. Kuku mwenye baridi anachoma oksijeni nyingi kujipasha. Kama huna njia zaidi ya mkaa, washa jiko nje mpaka moshi uishe, ndipo uingize, na usizibe banda. Na wewe usilale humo. Hewa hiyo inaua watu pia.
3. Punguza kasi kidogo. Baada ya wiki ya kwanza, zima taa saa 4 hadi 6 usiku. Kati ya wiki ya pili na ya tatu, chakula cha unga badala ya punje kinasaidia, maana kuku anakula taratibu. Uzito watakaoukosa hapo kwa kiasi kikubwa wanaufidia kabla ya kuuzwa.
4. Chumvi. Sodiamu ikizidi inaongeza ujazo wa damu, na vifaranga wanavimba matumbo. Ukichanganya chakula mwenyewe, chumvi iwe karibu gramu 300 kwa kilo 100, na uhesabu pia dagaa. Dagaa wa chumvi usiwape kuku.
5. Protini sahihi. Soya na mashudu ya alizeti yana ajinini nyingi. Alizeti isizidi, ina nyuzinyuzi. Mashudu ya pamba tunayo mengi huku kwetu, lakini yana gosipoli, sumu inayodhuru kuku, basi usiyafanye tegemeo.

Swali ninaloulizwa sana na vijana: "Si kuna dawa?" Kwa binadamu zipo. Sildenafil, ile ile mnayoijua kwa kazi nyingine, ilikubaliwa Marekani mwaka 2005 kutibu shinikizo la mapafu, kwa sababu inazuia ule mjumbe wa kulegeza misuli asivunjwe mapema. Usiipeleke bandani. Ni ghali, si dawa ya mifugo, na nyama ile inaliwa na watu.

Na kwa kuwa tumefika kwa binadamu: kichocho cha ziwani kikikaa miaka bila kutibiwa, mayai yake yanaharibu ini, mengine yanafika kwenye mapafu na kupandisha shinikizo lile lile. Wewe unayechota maji ya kuku ziwani kila siku, nenda kituo cha afya upime. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya vidonge tu.

Mwisho: si kila tumbo lililovimba ni hili. Vifo vya ghafla vingi, kuku wanaokohoa au kupinda shingo, mwite daktari wa mifugo. Lakini wakifa mmoja mmoja, majogoo makubwa kwanza, kilemba kimegeuka rangi ya bluu, pasua mmoja uangalie moyo kabla hujaenda duka la dawa.

Yule kijana alipoteza kuku 41. Batch iliyofuata alitoboa madirisha ya juu, akazima taa usiku, akauza 291. Antibayotiki hakununua hata kopo moja, na safari hii ushauri wangu niliutoa nikiwa nimesimama ndani ya banda lake.