Wapiga Ngumi wa Kenya Waliotumainiwa Munich 1972

Katika juma la nne la mwezi wa Agosti, 1972, timu za Afrika zilikuwa katika mji wa Munich, Ujerumani Magharibi, lakini hapakuwa na hakika kama wapiga ngumi wao wangevaa glavu. Nchi nyingi za Afrika, na Kenya ikiwa mojawapo, zilikuwa zimetangaza kwamba zitajitoa katika Michezo ya Olimpiki ikiwa Rhodesia, nchi iliyokuwa mikononi mwa walowezi wachache, itaruhusiwa kushindana. Tarehe 22 Agosti Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilipiga kura. Wajumbe 36 walitaka Rhodesia iondolewe, 31 walikataa, na 3 hawakuelekea upande wowote. Kama watu 3 tu wangaligeuza kura zao, habari hii isingalikuwa na la kusimulia. Siku 4 baada ya kura hiyo michezo ilifunguliwa, na tarehe 27 kengele ya kwanza ya ngumi ikalia.

Wakenya walipoyatazama majina ya wapiga ngumi wao, jina lililotangulia midomoni mwa watu lilikuwa la Philip Waruinge wa Nakuru. Mji huo wa Bonde la Ufa ulikuwa na chama cha ngumi kilichofanyia mazoezi katika ukumbi wa Bondeni ambao watu waliubandika jina la Madison Square Garden, jina la ukumbi mashuhuri wa New York. Ukumbi wenyewe ni mdogo na hauna fahari yo yote, lakini vijana waliotoka humo walijulikana mbali kuliko ukumbi wao.

Waruinge alipigana katika uzito wa unyoya, yaani kilo 57. Mwaka 1972 alikuwa na umri wa miaka 27, na hakuwa mgeni katika mashindano makubwa. Alikuwapo Tokyo mwaka 1964 akiwa kijana bado, akarudi bila medali. Mwaka 1966 alishinda dhahabu katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaica, na mwaka 1970 akaishinda tena huko Edinburgh, Scotland. Kushinda mara moja huweza kuletwa na bahati ya kura; kuirudia dhahabu ile ile baada ya miaka 4, katika uzito ule ule, ni jambo jingine.

Lakini kilichowafanya watu wamngojee kwa hamu huko Munich ni mambo yaliyompata katika mji wa Mexico mwaka 1968. Waruinge alifika nusu fainali, na huko akakutana na Antonio Roldán, kijana wa Mexico, mbele ya watu wa Mexico wenyewe. Walipomaliza raundi tatu, majaji 3 walimpa Roldán ushindi na 2 wakampa Waruinge. Mkenya akapewa medali ya shaba. Roldán akaendelea hadi fainali, akawa nyuma ya ustadi wa Albert Robinson wa Marekani, na bado akaipata dhahabu, kwa sababu refarii alimwondoa Robinson ulingoni kwa kosa la kumpiga mwenziwe kwa kichwa, kosa ambalo Wamarekani walilikana.

Mashindano yalipokwisha, wakuu wa ngumi walikaa kuchagua mpiga ngumi mmoja aliyeonyesha ustadi kuliko wote katika uzito wote, ili apewe kombe la Val Barker. Kombe hilo lilianza kutolewa mwaka 1936. Mara hii hawakulipa mtu yeyote mwenye dhahabu. Walimpa Philip Waruinge mwenye shaba. Kabla yake jambo la namna hiyo lilikuwa limetokea mara moja tu, mwaka ule wa kwanza huko Berlin, ambapo Louis Laurie wa Marekani alilipata kombe hilo akiwa na medali ya shaba vile vile. Basi mtu wa Nakuru alirudi nyumbani akiwa ametajwa kuwa stadi wa dunia nzima na papo hapo akiwa amehesabiwa kuwa ameshindwa. Kati ya medali 9 ambazo Kenya ilizipata Mexico, hiyo ya Waruinge peke yake ndiyo isiyoletwa na miguu ya wakimbiaji.

Ili kuelewa jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kumwangukia mtu mmoja, yafaa kukumbuka namna ngumi za ridhaa zilivyoamuliwa siku zile. Mtu hakuwa na raundi 15 za kumchosha mwenziwe kama katika ngumi za fedha. Alikuwa na raundi 3 za dakika 3 kila moja, na pumziko la dakika moja katikati. Majaji 5 walikaa kuuzunguka ulingo, kila mmoja na karatasi yake, na mwishoni kila mmoja alilazimika kumtaja mshindi hata ikiwa aliona wamelingana. Pigo lililoonekana wazi na jaji wa upande huu huenda lilifichwa na bega mbele ya jaji wa upande ule. Aliyeshindwa mara moja alifunga mizigo yake. Waliofika nusu fainali walikuwa na nafuu moja: hata wakishindwa hapo, wote wawili walipewa shaba bila kupigana tena.

Kwa hiyo waliopima nafasi ya Waruinge huko Munich walikuwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa la miaka. Katika ngumi za ridhaa mtu wa miaka 27 aliyekwisha kwenda Olimpiki mbili ni mzee wa kazi, na huenda miguu yake haitaki tena kucheza dansi ya vijana wa miaka 20. La pili, lililokuwa zito zaidi, ni kama ustadi ule uliopewa kombe ungeonekana kwa majaji 3 safari hii, si kwa 2.

Pamoja naye walikuwapo wengine wawili ambao hawakusifiwa sana kabla ya safari, na labda iliwafaa kwamba hawakusifiwa. Samuel Mbugua alipigana katika kilo 60. Richard Murunga, aliyeitwa pia Dick Tiger kwa jina la yule Mnigeria aliyekuwa bingwa wa dunia, alipigana katika kilo 67. Huu wa Murunga ni uzito wenye watu wengi hodari katika kila nchi, kwa maana kilo 67 ndizo kilo za mwanamume wa kawaida mwenye afya. Ndio uzito ambao Robert Wangila alikuja kuuletea Kenya dhahabu huko Seoul mwaka 1988, alipomwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili, na majaji hawakuwa na la kuulizwa.

Walioogopwa na wote walikuwa Warusi, ambao walifundishwa kwa mpango tangu utotoni na kupigana kwa akili nyingi na haraka kidogo. Katika kilo 57 walimleta Boris Kuznetsov. Poland na Hungaria zilikuwa na wapiga ngumi wazee kwa kazi, Jan Szczepański na János Kajdi, watu waliojua kuiba raundi katika dakika yake ya mwisho. Cuba ilikuwa imepata medali 2 za fedha huko Mexico, na sasa ilikuja na kijana wa miaka 20 mwenye mkono wa kulia wa kutisha, Teófilo Stevenson, katika uzito mkubwa kuliko wote. Wamarekani walimtumainia Duane Bobick wampige kijana huyo. Stevenson alimsimamisha katika raundi ya tatu.

Kwa upande wa Afrika, majirani wa Uganda walikuwa na haki ya kujivuna. Huko Edinburgh mwaka 1970 walikuwa wamechukua dhahabu 3, mojawapo ikiwa ya James Odwori katika uzito mdogo kabisa. Walikuwa pia na Leo Rwabwogo wa kilo 51, aliyepata shaba Mexico. Mwenzake, Eridadi Mukwanga, alikuwa amepata fedha huko huko katika kilo 54. Ghana ilimleta Prince Amartey na Nigeria ikamleta Isaac Ikhouria. Hata Niger, nchi ya jangwa ambayo ni wachache waliotazamia kusikia habari zake katika ngumi, ilikuwa na mtu wake, Issaka Daborg, katika kilo 63 na nusu.

Hesabu za kabla ya kengele hazikutimia zote. Odwori, bingwa wa Jumuiya ya Madola, alirudi mikono mitupu. Rwabwogo, kwa upande wake, alipanda kutoka shaba ya Mexico hadi fedha, akizuiwa na Georgi Kostadinov wa Bulgaria peke yake. Amartey, Ikhouria na Daborg walipata shaba kila mmoja, na ya Daborg ilikuwa medali ya kwanza ya Niger katika Olimpiki.

Asubuhi ya tarehe 5 Septemba watu wenye silaha waliingia katika kijiji cha wachezaji na kuwateka Waisraeli. Wanamichezo na waalimu 11 wa Israeli walipoteza maisha yao, na michezo ikasimamishwa. Iliporudishwa, wapiga ngumi waliobaki walipanda ulingoni katika mji uliokuwa umefunikwa na msiba.

Mbugua na Murunga walikuwa wamefika nusu fainali wote wawili. Mbugua alipangiwa Szczepański, lakini hakupanda ulingoni, na Mpoland akapewa ushindi bila ngumi kurushwa. Murunga alipigana na Kajdi hadi mwisho akashindwa kwa majaji 4 dhidi ya 1. Hizo zilikuwa shaba 2 za watu ambao hawakutajwa sana, na si wengi nchini wanaoyakumbuka majina yao leo, jambo ambalo ni aibu kidogo kwa nchi inayojua kuhesabu medali za mbio moja baada ya nyingine.

Waruinge alimshinda Clemente Rojas wa Kolombia, akaingia fainali. Tarehe 10 Septemba alisimama mbele ya Kuznetsov. Yalikuwa yale yale aliyoyatazamia kila mtu: Mrusi mwenye subira na Mkenya mwenye mikono myepesi, raundi 3, na hakuna aliyeanguka. Karatasi zikakusanywa. Majaji 3 waliandika jina la Kuznetsov, 2 wakaandika la Waruinge. Hesabu ilikuwa ile ile ya Mexico. Kenya ilirudi kutoka Munich na medali 9 tena, na safari hii 3 kati yake zilikuwa za ngumi.

Mwaka uliofuata Waruinge aliacha ngumi za ridhaa, akaenda Japani kupigania fedha, akajulikana huko kwa jina la Waruinge Nakayama. Mwezi wa Aprili, 1976, alipigania mkanda wa dunia huko Panama dhidi ya Rigoberto Riasco, mwenyeji wa nchi hiyo, akashindwa kabla ya raundi zote kutimia.

Mwaka huo huo wa 1976 Kenya ilikuwa na mtu mwingine wa kutumainiwa: Stephen Muchoki, wa uzito wa kilo 48, aliyekuwa amechukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch na fedha ya ubingwa wa dunia huko Havana, zote mwaka 1974. Safari hii ugomvi haukumalizwa kwa kura. Nchi za Afrika zilijitoa Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, na Muchoki hakupigana. Mwaka 1978 alikuwa bingwa wa dunia huko Belgrade. Mwaka 1980, ilipofika zamu ya Moscow, Kenya haikwenda.